MAISHA YA LORD RAYLEIGH, ALIYEFUATA SAUTI KANDO YA UKUTA

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake munaliona katika kitabu cha fizike, lakini ni wachache wanaouliza alikuwa nani. Ni Lord Rayleigh, Mwingereza. Wengi wetu tulilisikia siku ile tulipofundishwa sababu ya mbingu kuwa na rangi ya bulu. Tukaandika jina katika daftari, tukafunga daftari, basi. Lakini siyo mambo ya mbingu yaliyotufanya tuandike. Kitu alichokipenda zaidi ni sauti. Siku hizi wachunguzi wa nchi mbalimbali wanatengeneza vitu ambamo sauti inapita ukingoni na kukata kona bila kurudi nyuma, tena wanachunguza namna nguvu ya sauti inavyopotea humo ndani. Ukifuata njia ya mawazo yao nyuma kwa nyuma, unamkuta mzee huyu.

Jina lake la kuzaliwa ni John William Strutt. Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1842 katika jimbo la Essex, upande wa mashariki wa Uingereza. Rayleigh lilikuwa jina la cheo cha ukoo wao, naye alilirithi baadaye. Tuseme kweli tangu mwanzo: hakuwa mtoto wa maskini. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa, na hakuna siku aliyofukuzwa kalasini kwa sababu ya minervali. Lakini mali haikumpa afya. Alipelekwa shule ya Eton akiwa na miaka kumi, akakaa muda mfupi tu, na siku nyingi za muda ule alikuwa kitandani kwa wagonjwa. Wakamjaribu shule ya Harrow, kifua kikamsumbua, akatoka tena. Mwishowe wazazi wakamweka kwa mchungaji mmoja aliyekuwa na shule ndogo katika mji wa Torquay, kando ya bahari. Kule alikaa miaka minne. Watu walikuwa na shaka kama kijana huyu atafika utu uzima.

Mwaka 1861 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika koleji ya Trinity. Alifundishwa hesabu na Edward Routh, mwalimu mkali aliyejulikana kwa kuwatayarisha wanafunzi kwa ekzame. Mwaka 1865 matokeo yalipotoka, yule mgonjwa wa Torquay alikuwa wa kwanza katika hesabu kwa chuo chote. Baada ya ekzame hakuacha kujifunza. Profesa Donkin wa Oxford alimshauri ajifunze Kijerumani, kwa sababu mambo mengi mapya ya sayansi yaliandikwa kwa lugha ile. Akajifunza. Kwa Kijerumani kile akasoma kitabu cha Helmholtz juu ya sauti na muziki, kilichotoka mwaka 1863, na kutoka siku ile sauti haikumwacha. Sisi tunaonung'unika juu ya Kifaransa cha vitabu vya shimi, tuliposoma habari hii tulitazamana.

Mwaka 1871 alioa. Mke wake aliitwa Evelyn Balfour, dada ya Arthur Balfour ambaye baadaye akawa waziri mkuu wa Uingereza. Kwa sheria ya koleji wakati ule, mwalimu wa cheo chake akioa anapoteza kiti chake. Akakipoteza. Mwaka uliofuata akashikwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaopiga viungo na moyo, na kidogo afe. Waganga wakamwambia akimbie baridi ya Ulaya. Basi, mwisho wa mwaka 1872 akaenda Misri pamoja na mke wake, wakapanda jahazi kubwa lenye vyumba, wakapita juu ya mto Nili polepole miezi ya baridi.

Hapa tunasimama kidogo. Mto ule unapokea maji ya Semliki, unaopita katika nchi yetu ya Kongo kabla ya kuingia Ziwa Albert. Maana yake maji mengine yaliyobeba jahazi lile yalipita kwetu kwanza. Wasafiri wengine walishuka kutazama mahekalu ya wafalme wa zamani. Yeye alipenda kubaki katika chumba chake, na kumtoa humo ilikuwa kazi. Alikuwa anaandika. Hakuwa na maktaba, hakuwa na vyombo, alikuwa na karatasi na akili yake tu, tena mwili haujapona vizuri. Humo katika jahazi alianza kitabu kinachoitwa The Theory of Sound, maana yake elimu ya sauti. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1877, ya pili mwaka 1878. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na watu wa sauti wangali wanakifungua.

Aliporudi mwaka 1873 baba yake alikufa, naye akawa Lord Rayleigh wa tatu, mwenye nyumba kubwa na mashamba ya Terling. Kilimo hakikumvuta sana. Baada ya miaka michache alimwachia ndugu yake Edward kazi ya mashamba, naye akajifungia laboratuari aliyoitengeneza nyumbani. Yule ndugu alifanya kazi vizuri, hata watu wa London wakalijua jina la Lord Rayleigh kwa maduka ya maziwa. Wengine hawakujua kama mwenye jina lile anapima sauti.

Mwaka ule ule wa 1873 alitoa karatasi ya hesabu ambayo sisi tunaona ni moja ya kazi zake kubwa, ingawa haiko katika masomo yetu. Watu wa hesabu walipenda kufikiri juu ya vitu visivyopoteza nguvu: uzi unaotetemeka bila kuchoka, kengele inayolia milele. Lakini sisi wote tunajua kengele inayolia milele haiko. Ukipiga jante ya gari, sauti inatoka kwa nguvu, kisha inafifia, inafifia, inakwisha. Imekwenda wapi? Sehemu imetoka na kusambaa hewani. Sehemu nyingine imekuwa joto ndani ya chuma na ndani ya hewa yenyewe, kwa sababu ya msuguano. Waliomtangulia walijua hivyo, lakini hesabu yake ilikuwa ya kubabaisha: kila kitu na fomula yake. Rayleigh aliandika fomula moja tu ya upotevu, inayokaa pamoja na nguvu ya mwendo na nguvu ya mahali. Inahesabu nusu ya nguvu inayopotea kila sekunde. Kwa hiyo upotevu haukuwa tena aibu ya kufichwa pembeni. Ulipata kiti chake mezani kama wengine. Wahandisi wanaitumia fomula ile mpaka leo.

Mwaka 1879 profesa Maxwell wa Cambridge alikufa, akiwa na miaka 48. Alikuwa mkubwa wa laboratuari ya Cavendish. Rayleigh aliombwa ashike nafasi yake. Alikubali, na sababu moja ni kwamba bei ya mazao ilikuwa imeshuka na mapato ya mashamba yamepungua. Hata Lord anahesabu senti. Laboratuari ilikosa vyombo. Akatoa pauni 500 mfukoni mwake, akawaomba wengine waongeze. Akapanga masomo ya mikono, kila mwanafunzi ashike chombo mwenyewe. Na mwaka 1882 wasichana wakakubaliwa katika masomo yale sawasawa na wavulana. Dada ya mke wake, Eleanor Sidgwick, alifanya kazi pamoja naye kwa miaka kupima kipimo cha umeme kinachoitwa omu, kazi ya usahihi mkubwa. Dada zetu wa kalasi ya tano walituomba tusiyarukie maneno haya, na hatukuyarukia.

Mwaka 1884 aliacha kiti cha Cambridge, akarudi Terling kwa furaha. Mwaka uliofuata alionyesha kwa hesabu kwamba kitu kigumu kinaweza kubeba wimbi linalotembea juu ya uso wake tu. Ukishuka chini kidogo, wimbi limekwisha. Hayo yanaitwa mawimbi ya Rayleigh. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanajua tetemeko la nchi. Katika tetemeko, mawimbi ya namna hii ni moja ya yale yanayotikisa nyumba. Wimbi la uso kama hilo, lakini dogo sana, linachuja ishara ndani ya simu za mkononi. Yeye alilipata kwa kalamu.

Kisha mwaka 1887 aliuliza swali lingine. Wimbi likipita katika kitu ambacho umbo lake linajirudia, kama ukindu wenye mafundo sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, linafanya nini? Jibu lake: kuna mitetemo inayopita, na kuna mingine inayokataliwa. Kila fundo linarudisha sehemu ndogo sana ya wimbi. Lakini kama urefu wa wimbi unakubaliana na nafasi ya mafundo, vipande vyote vinavyorudi vinaungana, na wimbi linafungiwa mlango. Mushike neno hili, tutalirudia.

Habari ya argoni munaijua, kwa hiyo tunapita mbio. Alikuwa anapima uzito wa azoti. Ile aliyoitoa hewani ilikuwa nzito kuliko ile aliyoitoa katika amonia. Alipopima vizuri zaidi, tofauti ikawa kama sehemu moja katika 200. Mwingine angesema ni makosa ya mizani, akalala. Yeye hakulala. Mwaka 1892 aliandika katika gazeti la Nature kuomba mwenye maelezo amsaidie, na pamoja na William Ramsay wakatangaza mwaka 1895 gazi mpya, argoni, isiyofika hata sehemu moja katika mia ya hewa tunayovuta. Kwa kazi ile alipewa zawadi ya Nobel ya fizike mwaka 1904. Pesa zake aliipa Cambridge, kwa laboratuari na maktaba.

Kuna kichekesho kimoja waalimu wa dini watakipenda. Karatasi zake zilipoanza kukusanywa katika vitabu, cha kwanza mwaka 1899, alitaka mbele uandikwe mstari wa Zaburi 111:2, unaosema juu ya ukuu wa kazi za Bwana. Sasa, katika Kiingereza neno Lord ni cheo cha wakubwa wa nchi, na ni neno lile lile la Bwana Mungu. Mtu wa matbaa akaja kwa adabu nyingi kumwonya kwamba wasomaji wanaweza kufikiri Bwana anayesifiwa ni yeye mwenyewe Lord Rayleigh. Mstari ukabaki.

Sasa tufike ukutani. Katika London kuna kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo. Ndani ya kuba lake, ukipanda ngazi 257, unafika baraza la mviringo linalozunguka ukuta, upana wake unapita mita 30. Linaitwa Baraza la Minong'ono. Mtu akinong'ona karibu na ukuta upande huu, mwenzake aliye upande wa pili anasikia. George Airy, aliyekuwa mkubwa wa elimu ya nyota wa serikali, alisema kuba linakusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, ng'ambo ya pili. Rayleigh hakukubali. Kama ni hivyo, mnong'ono ungesikika pale ng'ambo tu. Lakini watu wanausikia popote kando ya ukuta, hasa kama mnenaji ameelekeza uso kufuata ukuta. Kwa hiyo sauti haipandi kubani. Inatambaa. Inashikamana na ukuta uliopinda kama maji yanayozunguka ndani ya sahani.

Alijaribu kwa vitu vya kawaida. Alipinda bati la zinki likawa nusu duara. Upande mmoja akaweka kifilimbi cha kuita ndege, chenye sauti nyembamba sana. Upande wa pili akaweka mwali wa gazi, mrefu na mtulivu, ambao sauti nyembamba ikiugusa unashuka na kunguruma. Filimbi ikalia, mwali ukanguruma. Kisha akaweka kibao kidogo karibu na bati, upande wa ndani. Mwali ukatulia. Kibao chembamba, tena mbali na njia ya kunyooka, kilikata sauti, kwa sababu sauti yenyewe ilikuwa inapita pale pale kando ya bati. Mwaka 1910 akatoa hesabu yake yote: wimbi likiwa fupi, mkanda wake kando ya ukuta ni mwembamba na linashika ukuta vizuri. Ndiyo sababu mnong'ono, wenye "sss" na "fff" za mawimbi mafupi, unafika, na sauti nene ya mhubiri haifiki vile. Tena sauti inayotambaa haisambai pande zote, kwa hiyo haipungui haraka kama sauti iliyo wazi.

Lakini muone udhaifu wake. Kibao kidogo tu, na wimbi limekatwa. Wachunguzi wa wakati wetu walitaka wimbi la ukingoni ambalo halirudishwi na kona wala kasoro ndogo. Msaada ulitoka katika tawi la hesabu linaloitwa topolojia, linalotazama yale yasiyobadilika katika umbo hata ukilivuta au kulikunja, mradi usilipasue. Kikombe chenye mkono na bangili ni ndugu katika elimu hiyo, kwa sababu kila kimoja kina tundu moja. Idadi ya matundu ni 0, 1, 2. Nusu tundu haliko. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, Mjerumani, aliona umeme katika tabaka jembamba lililo ndani ya sumaku kali ukipanda kwa hatua kamili kabisa, na sababu ikawa hesabu ya namna hii. Mwaka 2016 Thouless, Haldane na Kosterlitz walipewa Nobel kwa mambo ya topolojia katika maada.

Mwaka ule ule wachunguzi wa Nanjing, China, walitoa habari ya kitu cha sauti cha namna hiyo. Walipanga vijiti vya chuma hewani kama vyumba vya nyuki. Upande mmoja vijiti vinene, upande mwingine vyembamba. Kila upande unakataa mtetemo fulani kuingia ndani, sawa na Rayleigh alivyoeleza mwaka 1887. Lakini pande hizo mbili zina hesabu tofauti ya topolojia, kama moja ina tundu na nyingine haina. Mpaka wao ndipo hesabu inapobadilika, na hapo lazima wimbi liwepo. Sauti inapita mpakani, inakata kona, inapita penye kasoro, na kidogo sana ndiyo inayorudi.

Wengine wakisikia hivyo wanadhani sauti ile haipotei. Hapana. Topolojia inazuia kurudi nyuma, haizuii kufa. Hewa iliyo karibu na chuma inasuguana, joto linatokea, na ile fomula ya 1873 inadai haki yake palepale. Ndiyo maana wengine wakageuza swali: kama upotevu haukimbiliki, je, unaweza kupangwa? Mwaka 2020 wachunguzi walionyesha jambo lililotushangaza. Walichukua vyumba vidogo vya sauti visivyo na wimbi la ukingoni, wakaongeza upotevu peke yake, hapa mwingi, hapa kidogo, kwa mpango. Wimbi la ukingoni likazaliwa. Mwaka 2021 gazeti lile lile la Nature likatoa kazi ya wengine waliotengeneza baraza la minong'ono la topolojia, ambamo vijiti vimefunikwa utando wa kaboni unaopewa umeme ili kuongeza nguvu ya sauti mahali pa kuipoteza. Jina la Baraza la Minong'ono wamelishika.

Turudi kwa mzee. Alikuwa mwenyekiti wa Royal Society tangu 1905 mpaka 1908, kisha mkubwa wa heshima wa Cambridge mpaka kufa kwake. Jambo moja hatutalificha: kwa miaka mingi alitazama pia mambo ya watu wanaodai kusema na mizimu, na mwaka 1919 alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuyachunguza. Hakushawishika, lakini hakufunga mlango. Sisi tungeufunga. Mwana wake wa kwanza, Robert, alifuata fizike naye, na mwaka 1924 akatoa kitabu cha maisha ya baba yake.

Yule mtoto waliyedhani hatafika utu uzima alifika miaka 76. Aliandika karatasi zaidi ya 400, na alikuwa bado anaandika. Alikufa nyumbani Terling tarehe 30 Juni 1919. Kitabu cha sita cha karatasi zake kilitoka mwaka 1920, yeye akiwa tayari kaburini kando ya kanisa la kijiji.